Tahadhari: "rupia ya ndege" yenye jini, na wanaosaka cherehani za Singer

Ndugu zangu wa Tabora, Nzega, Urambo na kwingineko, ukipigiwa simu na mtu mpole anayekuuliza, "Samahani kaka, hapo kwenu kwa wazee hakuna rupia ya Mjerumani, ile yenye ndege?", kata simu. Mimi sikukata. Imenila 2,050,000, na nimekaa miezi saba bila kumwambia mtu. Huo ukimya ndio ulionifanya niandike, kwa sababu najua humu mtaani tupo wengi.

Ilianza hivi. Nina duka la vipuri vya baiskeli. Mwezi wa pili akanipigia mtu, akasema ni dalali wa tajiri mmoja wa Muscat anayekusanya rupia zenye "mzigo", yaani zenye jini. Bei: milioni 80 kwa moja. Hakuniomba hata senti. Alichotaka ni nimuulizie tu kwa wazee, nikipata nimjulishe, atanitoa kwa asilimia kumi. Nikamjibu sina, tukaagana vizuri.

Siku ya tisa akaja dukani mzee wa makamo, kanzu imefifia, kibaraghashia, miguu ina vumbi la njia ndefu. Anatafuta spoku. Katika kuongea akaniambia katoka upande wa Urambo, ana mgonjwa hospitali ya Kitete, na kitu pekee cha thamani alichobaki nacho ni "sarafu ya babu". Akaitoa kwenye fundo la kitambaa. Ndege huyo hapo, tai mwenye taji. Sasa nawaulizeni, ningejuaje kwamba wale wawili wanafahamiana? Moyo ulinidunda hadi nikasahau kumrudishia chenji ya spoku zake.

Nikampigia dalali. Hakunihimiza ninunue, na hapo ndipo utaalamu wao ulipo. Akasema, "Kaka, usiiguse kabla haijapimwa. Kama ina jini utaumia." Akatutaka tukutane gesti saa nne usiku, nisile kitunguu wala nisiongee na mtu njiani.

Chumbani palitandikwa kaniki sakafuni. Chetezo kinafuka ubani, sahani ya bati ina mchele mkavu, taa imezimwa, tochi moja ameshika dalali mwenyewe. Mzee akaishika sarafu kwa kitambaa chake kilekile, akaishusha taratibu juu ya sahani. Mchele ukaruka. Nimeona kwa macho yangu, punje zikasimama wima kama nywele za mtu aliyeingiwa na baridi, nyingine zikakwea kwenye kitambaa. Tochi ikafifia. Simu ikapoteza mtandao. Ilikuwa simu ya dalali, jamani, si yangu. Yangu alikwisha niambia niizime tangu mlangoni. Usiku ule hesabu hiyo sikuipiga.

Kisha akanisomea upande wa pili wa sarafu. Kuna maandishi ya Kiarabu katikati, yamezungukwa na shada la majani. "Hili ni jina la jini mlinzi," akasema. Jini la Mjerumani lenye jina la Kiarabu, na wala sikulitilia shaka.

Mzee alitaka milioni 3. Nikabembeleza hadi 1,400,000, tukakubaliana iliyobaki nimpe mzee baada ya tajiri kulipa. Siku mbili baadaye dalali akasema tajiri ameshatua Dar es Salaam ila jini limekasirika kwa kubadilishwa mikono, linataka kondoo mweusi, zafarani na udi. Nikatuma 450,000. Tajiri hakuja. Nilipoanza kudai hela yangu, sauti ile ya upole ikabadilika: "Sikudai wala hunidai, kaka. Lakini ukiitangaza hii kitu, lenyewe linajua nyumba yako. Litaanza na mdogo."

Wiki iliyofuata mwanangu wa mwisho akapata homa. Tukampeleka hospitali, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dawa. Nina karatasi ya maabara mkononi, imeandikwa malaria, na bado nikatoka nje ya geti la hospitali nikatuma laki mbili nyingine za "kulituliza". Hizo laki mbili ndizo zinaniuma kuliko ile milioni.

Nilikuja kuzinduka kwa suruali. Mama watoto alikuwa anafua, akakuta punje tatu za mchele zimenasa kwenye pindo la ile suruali niliyovaa gesti. Akazitia kwenye kisahani akidhani nimetoka shughulini kula pilau bila kumwambia. Mwanangu mkubwa ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, anachezea nayo misumari pale mezani. Punje zikamfuata. Sumaku tupu, bila rupia, bila ubani. Nikaziangalia kwa tochi: zina ukungu wa kijivu, kama zimepakwa unga wa chuma. Sumaku ilikuwa ndani ya kile kitambaa cha mzee. Shaba yenyewe haivuti wala haivutwi na sumaku, hilo hata mwanafunzi wa sekondari analijua, na mimi nilifika hadi kidato cha nne.

Basi nikaipeleka sarafu kwa ustadhi wa madrasa, jirani yangu. Nilimpa kwa mkono wa kushoto, nikiogopa bado. Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. Hakuna jina la jini pale. Maana yake ni shirika la Kijerumani tu, na chini yake tarehe, 1307. Huo ni mwaka wa Hijria, sawa na 1890. Ni ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliyoandika jina lake kwa herufi walizozisoma watu wa pwani wakati ule, ili sarafu ikubalike sokoni. Jina la kampuni limegeuzwa kuwa la jini, na mimi nikalichinjia kondoo.

Kingine, hata rupia siyo. Mtaani kila sarafu kuukuu tunaiita rupia, lakini rupia ya Mjerumani ni ya fedha, ina kichwa cha Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na nyuma, kwa zile za mwanzo, simba na mnazi. Niliyouziwa mimi ni sarafu ndogo ya shaba iliyoitwa pesa. Pesa 64 ndizo zilizokuwa zikifanya rupia moja. Zilipigwa kwa mamilioni kati ya 1890 na 1892. Kwa hiyo nimelipa milioni moja na laki nne kununua pesa moja. Shemeji yangu anaipenda sana sentensi hiyo, anairudia kila msiba.

Msiniambie nilikuwa mjinga. Hadithi hizi zina mizizi, na matapeli wanajua kuichimba. Hapa hapa Tabora mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani, wakiwa wamezibiwa bahari, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli, zenye picha ya tembo, takriban 16,000. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mji. Tangu hapo kila mwembe wa zamani una mtu anayeapa kwamba chini yake kuna sanduku. Na Kigoma kwenyewe waliizamisha meli yao ya Götzen mwaka huohuo, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi zisioze, maana walitegemea kurudi. Waingereza wakaiibua 1924, ikaja kuitwa Liemba. Watu waliopaka grisi meli wanayoizamisha, utashindwaje kuamini kwamba walifukia na masanduku? Kutoka hapo hadi "wakaacha jini lilinde" ni hatua moja tu, na hatua hiyo anakusogeza tapeli.

Rupia 15 ya tembo kweli ina bei kwa wakusanyaji wa sarafu. Bei yake inatokana na dhahabu iliyomo na uchache wake, na anayeinunua anaipima kwenye mizani na kuitazama kwa lenzi, mchana, mezani. Hakuna mnunuzi wa kweli anayehitaji mchele.

Na hili la mizigo halipo kwetu tu. Marekani mwaka 2003 jamaa mmoja, Kevin Mannis, aliweka kikabati cha mvinyo kwenye mnada wa eBay na hadithi ndefu kwamba kina roho ya kisirani, ile ambayo Wayahudi huiita dybbuk. Kikabati kikawa maarufu dunia nzima. Mwaka 2021 mwenyewe akakiri kwamba hadithi ile aliitunga. Tofauti yake na wangu ni kwamba yeye aliandika vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni hili la pili, maana timu hii, au ndugu zao, wamehamia kwenye cherehani. Mwezi wa sita kijana mtanashati alifika kwa shangazi yangu anayeshona sare za shule, akaulizia ile Singer yake nyeusi yenye maua ya dhahabu, ya kukanyaga kwa mguu. Akasogeza simu karibu na sindano, simu ikakata, akapiga ukelele: "Bibi, hii ina zebaki nyekundu! Majini yanailinda!" Akaahidi milioni 40, ila kwanza shangazi atoe laki tatu za mtaalamu wa kuitoa zebaki bila kuyaudhi majini.

Kipimo hicho cha simu si kipya. Mwezi wa nne mwaka 2009 uvumi uleule uliivaa Saudi Arabia, watu wakawa wanavamia maduka ya mafundi kutafuta Singer za zamani, na baadhi zikauzwa hadi riyali 200,000 moja. Zilipofunguliwa zilikuwa na vyuma na mafuta. Zebaki nyekundu ya aina hiyo haipo duniani. Zebaki yenyewe, wachimbaji wadogo wa Nzega wanaijua, ni ya kimiminika, inang'aa kama fedha. Ikichanganyika na salfa inatoa unga mwekundu, nao ni sumu. Ukiona mtu anakuletea kichupa chekundu usinuse, wala usikiache ndani wanapolala watoto.

Shangazi alimjibu yule kijana, "Mwanangu, cherehani hii imenisomeshea watoto wanne. Kama ina jini, basi jini hilo linajua kupiga pindo. Liache lifanye kazi." Akarudi kwenye pedali. Mimi sikuwa na jibu kama hilo siku yangu ilipofika.

Kwa hiyo mkisikia mojawapo ya haya, jueni mko nao: tajiri msiyemwona, muuzaji anayejitokeza siku chache baada ya tajiri kuulizia, kipimo cha usiku, na sharti la kutokumwambia mtu. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Laana haikuwepo siku ya kwanza, wakati nashawishika. Ililetwa siku niliyodai hela. Kazi yake ilikuwa kunifunga mdomo nisifike polisi, na ilifanya kazi hiyo miezi saba.

Nimeshafika polisi, RB (namba ya taarifa yangu polisi) ninayo, na karatasi za miamala yote mitatu. Namba walizotumia nimezituma 15040, inakopokelewa taarifa za utapeli wa simu. Pigeni pia *106# muone kama hakuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chenu msiyoijua, kwa sababu laini ya yule mzee imesajiliwa kwa jina la mwanamke ambaye naamini hajawahi kusikia habari ya Urambo. Kama na wewe umepigwa kwa staili hii, hata kama ni elfu hamsini, fungua jalada. Tukiwa wengi namba zitaonekana zinafanana.

Jumatano iliyopita nikiwa dukani simu ikaita, namba ngeni, sauti ileile ya upole. "Samahani kaka, hapo kwenu kwa wazee hakuna rupia ya Mjerumani, ile yenye ndege? Nina tajiri." Nikamwambia ninayo. Kimya kidogo. Nikamwambia imeshapimwa, ina jini kabisa, mchele unaruka, nampa kwa milioni 80 tu, aje na hela mkononi.

Akakata yeye.