Nimerudi kujifunza urubani uzeeni, kijana kaninyang'anya usukani

Bado nina hasira so mnisamehe. Nilianza kujifunza kurusha ndege Dar zamani hizo, nikaishia masaa 22 hela ikakata, na leseni ya binafsi inataka angalau 40. Juzijuzi nimestaafu, kiinua mgongo kikaingia, nikamwambia mama watoto kabla ya shamba la Mafinga namalizia kwanza kiporo changu. Alininunia siku mbili.

Basi kuna chuo, jina nawahifadhia, wanaleta kindege chao hapa Nduli, uwanja wetu wa ndege Iringa. Mwalimu ni wa umri wa kitinda mimba wangu. Shikamoo hakuna, "mambo mzee, twende." Iringa hii hata konda wa daladala anakupa kamwene! Nikameza.

Sasa kwenye kutua. Nimekata kona ya mwisho, uwanja nauona ule pale, najiona rubani kamili, mara usukani umenitoka mikononi, kaukwapua. Na kitu cha kwanza kabisa nilichofundishwa enzi zile ni kwamba usukani haunyakuliwi, mmoja anasema nimeshika, mwenzie anajibu umeshika, ndo unaachia. Huyu kimya. Kasukuma pua chini, kaongeza moto, tumetua, katoa simu anachati. Namuuliza vipi, ananijibu "spidi mzee." Basi, imeisha hiyo. Spidi mzee! Kwa hela ile niliyolipa?

Hapa nilishaandika msiende, bora mnunue mbuzi. Ila usiku usingizi ukakata nikaanza kuirudia ile kona. Macho yangu yamezoea Dar, usawa wa bahari. Nduli iko juu, mita kama 1,400, hewa nyepesi, geji ya spidi ikisoma 65 ileile ya Dar huku ndege inakwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 10, sasa ukiangalia chini unaona ardhi inakukimbilia, unahisi uko mbio mno, mkono unavuta wenyewe kupunguza. Na mimi nilivuta, nakumbuka kabisa. Ukiipunguza sana kwenye kona mabawa yanaacha kubeba, na pale mko chini, hakuna pa kujirekebishia.

Haya, kaniokoa. Lakini si angesema? Neno moja tu, nimeshika! Na hayo ya mwinuko nimejifundisha mwenyewe kitandani wakati aliyelipwa ni yeye. Nyota mbili. Haya tatu, kindege chenyewe kisafi.

Jumamosi narudi. Niliomba mwalimu mwingine wakasema hayupo, nikawaambia basi huyohuyo.