Boti ya Nakupenda na Changuu: nahodha aliyekataa kutupeleka saa nane mchana

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asisumbuke: boti hii nitaipanda tena, na wanangu nitawapakia. Kwa mtu wa Mwanza hilo si neno dogo. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, mtaani kwetu matanga yaliwekwa nyumba hadi nyumba. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kikazama karibu na kisiwa cha Ukara, watu wameshaliona gati. Kwa hiyo mimi chombo cha majini nakikagua kama mama mkwe anavyokagua jiko la mkamwana. Mume wangu anaona aibu. Aone tu.

Tulikwenda Unguja Juni, shule zimefungwa, pamoja na mama yangu mdogo ambaye hajui kuogelea na wala hataki kujifunza. Tulitaka mzunguko ambao kila mgeni anauulizia: fungu la mchanga la Nakupenda, halafu Kisiwa cha Changuu kwa wale kobe wakubwa. Pale Forodhani, ufukweni mwa mji, hutembei hatua mbili bila papasi, wale vijana wa kutafuta wageni, kukushika mkono. Wa kwanza alitupa bei nzuri, tuondoke saa hiyohiyo. Nikamwuliza majaketi ya kuokolea yako wapi. "Yamo botini, dada, usiwe na wasiwasi." Nikasema basi niyaone. Yalikuwa matatu, na moja halina kifungo, limefungwa kwa kipande cha kamba ya manila. Abiria waliokuwa wanasubiri walizidi kumi. Nikashukuru, tukaondoka. Akasema watu wa bara tuna woga. Ni kweli.

Huyu nahodha tuliyesafiri naye tulimpata kupitia kijana wa mapokezi pale tulipolala. Mzee wa makamo, mpole, anaongea taratibu. Baada ya shikamoo na marahaba hakutaja bei. Aliuliza tuko wangapi, watoto wana umri gani, nani hajui kuogelea, na kama kuna mwenye pumu au presha. Ndipo akauliza tunataka kwenda lini. Tukasema leo, saa nane. Akatikisa kichwa.

"Leo bamvua, mwanangu. Saa nane maji yanajaa. Mtafika fungu limeshazama, msimame kwenye maji ya kiuno mkidhani mmepotea. Na upepo wa kusi mchana unachachamaa. Njooni kesho saa mbili na nusu asubuhi."

Hela ilikuwa mkononi mwetu naye akaikataa. Mimi alishanipata hapohapo.

Kwa wenzangu wa bara ambao bahari kwetu ni ziwa lisilokupwa: pale Unguja maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti inaweza kufika karibu mita nne. Siku hizo maji hukauka kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka na tofauti huwa ndogo. Nakupenda si kisiwa, ni mchanga unaochungulia maji yakitoka. Kwa hiyo saa ya kuondoka hupangwa na maji. Anayekuambia "muda wowote tu" ama hajui, ama hajali. Pale tulipolala walikuwa wamebandika karatasi ya saa za maji kujaa na kupwa karibu na ngazi, na tangu siku hiyo mwanangu mkubwa akawa anaisoma kila asubuhi kama ratiba ya mpira.

Usiku nikaangalia taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wana ngazi tatu za onyo: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kwa pwani ya Unguja hakukuwa na lolote. Ingekuwa wametoa hata lile angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, kwa boti ya mbao kama hii nisingekwenda. Nilimpigia nahodha kumwambia nimeangalia. Akacheka, akasema na yeye ameangalia, na alfajiri ataangalia tena kwa macho.

Asubuhi alitupanga kabla injini haijawaka. Mama mdogo katikati, watoto mbele yake, wanaume pembeni. Majaketi yalikuwa mengi kuliko sisi. Kitambaa kimepauka kwa jua, rangi ya chungwa imekuwa ya maziwa, lakini kila mkanda nilioubana ulilia "ta!" na ulipovutwa haukuteleza. Mawili yalikuwa ya watoto. Alimvalisha mwanangu mdogo mwenyewe, akamnyanyua kwa mabega ya jaketi kuona kama litapanda masikioni. Halikupanda. Kulikuwa na ndoo ya kukumba maji, nanga yenye kamba nzima, na namba ya usajili ubavuni inayosomeka. Simu yake aliifunga kwenye mfuko usioingiza maji. Akamtumia kijana wa mapokezi ujumbe: idadi yetu, tunakoelekea na saa ya kurudi.

Alipohesabu vichwa mara ya pili mume wangu akatabasamu. Mzee akamwambia, "Cheka tu, baba. Sisi hapa tumezika. Meli ya Spice Islander ilizama pale Nungwi 2011, Skagit pale Chumbe mwaka uliofuata. Nikihesabu usininunie." Hakuna aliyecheka tena mpaka tumefika.

Nakupenda ni pazuri, picha mmeziona, sitarudia. Ambacho picha hazionyeshi ni kwamba hapana mti hata mmoja, jua linapiga juu na mchanga unalirudisha usoni. Bebeni maji ya kunywa kuliko mnavyodhani, na kofia. La pili ni mkondo. Kwenye ncha ya fungu, pale maji ya pande mbili yanapokutana, panavuta. Mzee alitembea mpaka karibu na pale, akachora mstari mchangani kwa kisigino, akawaita watoto kwa majina. "Huu ndio ukuta. Mkivuka, naondoa boti." Akakaa jirani na mstari wake muda wote, anapekecha meno kwa kijiti. Boti nyingine zilileta watu wakaachwa waogelee popote, mabaharia wao wakaenda kupika samaki.

Changuu nitapita haraka. Kobe waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na jengo lililojengwa liwe gereza likaishia kuwa karantini. Mlinzi ni mkali kwa wanaotaka kuwakalia kobe, na ninamuunga mkono. Kiingilio hakimo kwenye bei ya boti, lakini mzee alitutajia mapema, hivyo hatukushtukizwa getini. Kwenye miamba ya kuogelea wapo wale wadudu weusi wa miiba mirefu, na kandambili hazisaidii, zinachomoka mguuni. Vaeni yeboyebo za kufunga nyuma. Mzee alikuwa na jozi kadhaa za kuazimisha, kuukuu lakini nzima.

Saa saba na nusu tulikuwa tumerudi Forodhani, na fungu tuliloliacha lilikuwa linamezwa. Kabla ya kushuka alituambia tujitande khanga, kwa sababu pale ni mjini, watu wanatoka msikitini. Aliisema kwa heshima, bila kutuaibisha.

Sasa kasoro. Miwani ya kutazamia samaki ilikuwa inavuja, mbili kati ya zile tulizopewa hazikufaa kabisa. Mwenye yake aende nayo. Turubai lina matundu, jua lilimchoma mume wangu umbo la nyota begani. Wakati wa kurudi mzee hakusisitiza watu wazima wabaki na majaketi, ilibidi niseme mimi. Na hili ndilo lililoniudhi hasa: baharia wake kijana aliwasha sigara akiwa ameketi hatua moja kutoka dumu la petroli. Nilipomwambia, aliizima na kuomba radhi, ila si kazi ya abiria kumwambia.

Tulilipa elfu tisini kwa boti nzima, baada ya kurudi. Wapo wanaotoza kidogo zaidi na wapo wanaotoza maradufu kwa huduma ileile. Nampa nyota nne, ya tano ameipoteza kwa ile sigara. Mwenye mtoto chini ya miaka mitatu asubiri kwanza: yale majaketi madogo mawili hayashiki kifua cha kimo hicho, na mzee mwenyewe atawaambia.