TAHADHARI: Fundi anayesema "lazima dashibodi ishuke" kabla hata hajasikiliza sauti

Wadau, kuna mchezo unaendelea magereji na kwa baadhi ya wauza spea wa mtandaoni, na unawapata zaidi wenye magari ya Japan yenye AC ya kubonyeza: Premio, Harrier, Mark X, Noah na ndugu zao. Gari linaanza kulia nyuma ya dashibodi. Fundi anatega sikio sekunde tano, anatikisa kichwa, anasema, "Bosi, hii kazi kubwa, lazima dashibodi ishuke." Unalipia ufundi wa siku nzima, unalipia "spea mpya kutoka Japan", unalipia na gesi ya AC ya kujaza upya. Unarudishiwa gari, kweli sauti imekwisha. Kumbe kilichofanyika ni plagi moja tu imechomolewa.

Sauti inayotumika sana kupigia watu ni ile ya tak-tak-tak inayosikika ukiwasha gari, ikaendelea sekunde kadhaa, kisha ikanyamaza yenyewe. Hiyo karibu kila mara ni servo. Ndani ya boksi la AC kuna vidirisha vya plastiki: kimoja kinachanganya hewa ya moto na ya baridi, kingine kinaelekeza hewa usoni, miguuni au kwenye kioo, cha tatu kinachagua hewa ya nje au ya ndani. Kila kidirisha kinazungushwa na kimota kidogo chenye gia za plastiki. Kimota hicho ndicho servo. Plastiki ikizeeka, jino moja linakatika au gia inapasuka pale inaposhika ekseli. Gia ikifika kwenye pengo inateleza na kurudi nyuma: tak. Kompyuta ya AC inasubiri kidirisha kifike mwisho wake, haioni kimefika, inaendelea kusukuma mpaka inakata tamaa. Ndiyo maana sauti inakoma yenyewe. Haijapona.

Servo ipi? Jibu unalipata bila bisibisi. Weka swichi ON bila kuwasha injini, feni iwe chini kabisa ili usikie vizuri. Peleka joto kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, halafu rudisha. Sikiliza. Kisha bonyeza kitufe cha kubadili mwelekeo wa hewa, mkao mmoja baada ya mwingine. Mwisho bonyeza kile cha hewa ya ndani na ya nje. Kitufe kinachoamsha tak-tak ndicho chenye servo mbovu. Fundi ambaye hajafanya hata hili, anatoa bei ya nini?

Toyota nyingi zenye AC ya otomatiki zinajipima zenyewe. Shikilia AUTO pamoja na kitufe cha hewa ya ndani, huku ukiweka swichi ON. Taa za paneli zitapepesa mara chache, kisha namba zitatokea kwenye kioo cha AC. 00 maana yake hakuna kosa. 41 ni servo ya kuchanganya joto, 42 ya hewa ya ndani na nje, 43 ya mwelekeo wa hewa. Bonyeza OFF kutoka. Sasa hapa kuna mtego: namba 21 ni ya kihisi cha jua kilicho juu ya dashibodi, na kipimo kikifanyika mahali penye giza, namba hiyo inaweza kutokea hata kama kihisi ni kizima kabisa. Wapo wanaokuingiza ndani ya gereji yenye kiza, wakakuonyesha 21, wakakuuzia kihisi. Toa gari juani, pima tena.

Kazi yenyewe ya kubadilisha servo, kwenye magari mengi, hupitia chini ya dashibodi au kwenye tundu la droo ya abiria. Droo inatoka kwa kubana kuta zake mbili kwa ndani na kuchomoa kile kimkono cha pembeni kinachoizuia isianguke. Servo imeshikwa na skrubu mbili au tatu na plagi moja. Ikiwa ipo upande wa miguu ya dereva utapinda mgongo kidogo, lakini dashibodi inabaki palepale. Ipo servo mojamoja iliyojificha vibaya na kumsumbua fundi saa mbili, tatu. Hata hiyo si sababu ya kuanza kwa kufumua gari zima.

Tuseme ukweli pia: zipo kazi ambazo dashibodi lazima ishuke. Evaporeta (kile kifaa kinachopoza hewa ndani ya boksi la AC) iliyotoboka kwa magari mengi, rejeta ndogo ya hita, au kidirisha chenyewe kilichovunjika ndani ya boksi. Ila fundi mkweli atakutajia jina la kifaa na kukuonyesha kwa nini mkono haufiki.

Turudi kwenye plagi iliyochomolewa. Servo isipopata umeme haitikisiki, kwa hiyo hailii. Kidirisha kinabaki kilipokuwa. Kama kilikuwa upande wa baridi, mtu wa Dar au Mombasa anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua, mpaka Julai aende Njombe, kioo kifanye ukungu, atafute hewa ya moto aikose. Kama kilibaki katikati, AC inapoza nusu nusu, na fundi yuleyule atakwambia sasa kompresa imechoka. Umelipa mara ya kwanza kwa kazi isiyofanyika, unalipa mara ya pili kwa kifaa kizima. Kwa hiyo kabla hujatoa hela: injini ikiwa imeshika moto, weka joto juu kabisa, ndani ya dakika moja au mbili hewa iwe ya moto hasa. Shusha hadi chini, AC ikiwa imewashwa, ipoe. Badili mwelekeo, hewa ihame kweli kutoka usoni kwenda miguuni.

Wengine hugundisha gia kwa supagluu. Inashika wiki, mwezi, kisha gundi inapasuka, na safari hii vipande vinakwama katikati ya gia. Ukiambiwa servo "imefunguliwa na kusafishwa", huenda umeuziwa gundi.

Wauzaji wa spea nao. Ogopa tangazo la servo "inaingia Toyota zote". Haiingii. Kwa macho zinafanana, lakini mkono wake unaweza kuwa na umbo tofauti, na plagi pia: nyingine zina nyaya tano, nyingine chache zaidi kwa sababu zina saketi ndani inayowasiliana na kompyuta. Toa ya zamani kwanza, soma kibandiko chake, ndipo uulize bei. Kwa mpangilio wa namba za Toyota, servo huanza na 87106, mota ya feni 87103, filta ya AC 87139. Risiti inayosema servo huku namba ikianza na 87103 ina walakini. Spea ya mtumba si dhambi. Gari lenyewe lilikuja mtumba. Dhambi ni kuifuta kwa petroli, kuitia kwenye mfuko mpya na kuiuza kwa bei ya mpya. Tazama matundu ya skrubu: plastiki iliyowahi kukazwa ina alama ya duara iliyosuguliwa. Na usikubali ikazwe kabla ya kujaribiwa: chomeka plagi, servo ikiwa mkononi, weka swichi ON, badili joto, mkono uzunguke kwenda na kurudi bila kusita. Ila usiijaribu kwa kuigusisha kwenye betri moja kwa moja. Zile zenye saketi ndani unaweza kuziunguza hapohapo.

Feni ina sauti zake. Kanuni ni moja: sauti ikibadilika ukiongeza au kupunguza spidi ya feni, tatizo ni feni au kilichoingia ndani yake. Prrrr ya kama karatasi kwenye spoki za baiskeli ni jani. Ukipaki chini ya mkungu utalijua. Mlio mwembamba wa kukwaruza, unaozidi asubuhi na kupungua mota ikipata joto, ni bushi za mota zimekauka. Mtetemo unaofika hadi mguuni ni feni iliyopoteza mizani. Mota hukaa chini ya droo ya abiria, mara nyingi kwa skrubu tatu na plagi moja, na inashuka kwa chini. Toa filta kwanza, taratibu, feni ikiwa imezimwa, maana uchafu wa juu yake hudondokea moja kwa moja kwenye feni. Ukirudisha, fuata mshale wa mwelekeo wa hewa uliochorwa ubavuni. Unaposafisha feni, kile kibanio kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye mojawapo ya mapezi yake usikitoe. Ndicho uzito wa mizani. Fundi wa haraka hudhani ni uchafu, anakitupa, halafu anakuuzia mota. Kabla ya kuacha gari, weka alama ya kalamu ya rangi kwenye mota yako. Ukiambiwa imebadilishwa, ichungulie kwa chini.

Sauti ya maji haihitaji kuelezwa sana. Ikichuruzika ukikanyaga mafuta, kuna hewa kwenye mfumo wa kupoza injini: pima maji ya rejeta injini ikiwa imepoa kabisa, na kama yanapungua kila wiki tafuta yanakoenda, maana huenda ni gasket ya silinda hedi. Maji yakipiga chubwi ukikata kona, na kapeti ya abiria imelowa, bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Maji meupe yasiyo na harufu ni ya AC. Yenye rangi, utelezi na harufu tamu ni ya hita. Usikubali kuuziwa evaporeta kwa sababu ya bomba lililoziba tope.

Ssss fupi ukiwasha au kuzima AC ni gesi ikipita kwenye vali, kawaida tu. Ikiwa ndefu na baridi imepungua, gesi imepungua. Na gesi haiishi kama petroli, kuna mahali inavuja. Anayejaza bila kutafuta uvujaji anakuandaa urudi. Lakini ssss inayosikika ukikanyaga breki, miguuni mwa dereva, na pedali imekuwa ngumu, hiyo si ya dashibodi. Huenda ni busta ya breki, kile kifaa kinacholainisha pedali, inavuja. Usiendeshe.

Vivyo hivyo kogo-kogo kwenye matuta ambayo unaihisi mikononi. Fundi atakwambia plastiki zimelegea, au ataruka hadi kwenye rack ya steringi. Kabla ya yote, mmoja atikise usukani kidogo kushoto kulia gari likiwa limesimama, mwingine ashike jointi ya shafti iliyo juu ya pedali. Ikicheza mkononi umeipata. Kama usukani hauhusiki, bonyeza vipande vya dashibodi kimoja kimoja kwa kiganja mtu mwingine akiendesha. Panaponyamaza ndipo pa kubandika kipande cha kitambaa cha felti.

Kama kweli dashibodi inashuka, mfuko wa hewa wa abiria unaguswa. Swichi izimwe, waya wa negativu wa betri utolewe, isubiriwe angalau sekunde 90 kabla ya kugusa plagi yoyote ya njano. Fundi anayeanza kuchomoa huku redio inaimba, mwondoe. Gari likirudi, weka swichi ON: taa ya SRS, yaani ya mfuko wa hewa, iwake sekunde kama sita, kisha izime. Ikibaki inawaka, huenda kuna plagi haikurudishwa. Isipowaka kabisa, hiyo ni mbaya zaidi: huenda kuna mtu ametoa balbu au kuiunganisha na taa nyingine ili usione kosa.

Kwa aliyekwisha kupigwa: shusha droo ya abiria, washa tochi ya simu, fuata nyaya zinazopanda kwenye boksi la AC. Chungulia na upande wa miguu ya dereva. Ukikuta plagi inaning'inia na pembeni yake kuna servo yenye vumbi la miaka, anza kurekodi video kabla hujaigusa. Zima swichi, ichomeke, weka swichi ON, peleka joto juu. Tak-tak ikirudi, zima, irekodi na ile namba kwenye kibandiko, ndipo uende nayo gereji pamoja na risiti.