Jiko la udongo: mwaka wa pili sasa

Nililinunua soko la Gikomba, Nairobi, kwa shilingi 700, baada ya kuchoka na lile la bati tupu lililokuwa likila makaa kama mbuzi aliyeingia shamba la mahindi. Hili limebanwa kiunoni kama ngoma. Wazo lilitokana na majiko ya ndoo ya Thailand. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likafanyiwa marekebisho hapa Kenya, likapewa hicho kiuno, na mafundi wa jua kali wakalifanya lao. Udongo wa ndani unashika joto, na sufuria haiyumbi ninaposonga ugali. Maharagwe yaliyokuwa yakimaliza mikebe miwili ya makaa sasa yanaiva kwa mmoja, na moto unabaki wa chai.

Kuwasha ndiko kunakotaka subira, hasa asubuhi ya baridi watoto wakingoja uji. Na usilimwagie maji likiwa moto! Langu lilipata ufa hivyo, kosa langu mwenyewe. Fundi akauziba kwa saruji. Ukienda kununua, litikise kwanza. Udongo ukicheza ndani, chagua jingine, hata muuzaji akikununia.