Kozi ya kusikiliza Kiingereza kwa wanafunzi wa ufundi, Nyakato
Nimemaliza kozi ya jioni ya wiki sita ya kusikiliza Kiingereza, inayotolewa katika kituo kimoja kidogo hapa Nyakato, jijini Mwanza, kwa wanafunzi wa ufundi stadi wanaojiandaa kuingia kazini. Mimi nasomea umeme wa majumbani. Wenzangu walikuwa wa ufundi magari na wachache wa hoteli.

Uzuri wa kozi hii umo katika zoezi la kuandika ulichosikia. Mkufunzi hutamka agizo mara moja tu, kama msimamizi mwenye haraka, nasi tunaandika. Siku ya kwanza alisema "fifteen metres", na nusu ya darasa, nami nikiwemo, tukaandika mita 50. Alieleza kwamba "fifteen" likitamkwa peke yake mkazo huangukia mwishoni, lakini likifuatwa na nomino mkazo huweza kurudi mwanzoni kama wa "fifty", na hapo cha kukuokoa ni ile "n" ya mwisho, ambayo masikio yetu, yaliyozoea maneno yanayoishia kwa irabu, huiacha ipite. Mwenzetu wa hoteli alisikia "two o'clock" akaandika saa mbili, ilhali mgeni alikuwa anataka gari saa nane mchana. Tulicheka, ingawa kazini kosa hilo lingemgharimu.

Kasoro ni rekodi zenyewe. Sauti zote ni za Waingereza waliotulia studio, ilhali katika viwanda vya minofu ya sangara agizo huweza kutoka kwa msimamizi mwenye lafudhi ya Kihindi au Kichina, huku mashine zikinguruma. Spika ni moja, iko mbele, na paa ni la bati lisilo na dari, hivyo mvua ikinyesha somo limekwisha. Aidha, kumrudishia msimamizi agizo lake kwa maneno yako kabla ya kugusa swichi, jambo ambalo kwa fundi umeme naliona kubwa kuliko msamiati wowote, tulifundishwa jioni moja tu.

Kwa ada yake, inayolipwa kwa awamu mbili, naipendekeza kwa mafundi. Wa hoteli watapata mazoezi machache mno ya simu. Anayejiandikisha awahi kiti cha mbele na aombe kurushiwa rekodi kwenye simu. Zangu nilizisikiliza ndani ya daladala ya Buhongwa, konda akiita abiria mlangoni, na huko ndiko nilikozoea kelele.