Kliniki ya tohara hapa Chake Chake, daktari anaesikiliza

Jamani mie nimempeleka mwanangu wa miaka mitatu wiki ilopita na nimerudi na furaha. Mwanzo nilikwenda sehemu nyengine wakanambia govi halirudi nyuma, ni ugonjwa, afanyiwe haraka leo leo, nkalia njia nzima hadi nyumbani.

Hapa daktari alimkagua taratibu akanambia dada, kwa umri huu govi kushikana ni maumbile, linaachia lenyewe kidogo kidogo, halilazimishwi. Akanieleza kinacholazimu tohara kitibabu ni kama kovu linalobana njia, au uvimbe unaojirudia rudia, mwanao hana hata kimoja. Nkamwambia sie tunatahiri kwa sababu ya dini, akasema sawa kabisa, basi ni sunna si dharura, chagueni siku yenu, na faida za kiafya pia zipo, tafiti za Afrika Kusini, Kenya na Uganda zimeonesha hatari ya mwanamme kuambukizwa ukimwi na mwanamke inapungua kwa kama asilimia 60, lakini kondomu inabaki pale pale.

Nilichokipenda zaidi, kabla ya kukubali aliangalia tundu la mkojo liko wapi, maana likiwa chini hatahiriwi kwanza, ile ngozi huja kutumika kurekebishia, na akauliza kama kwetu kuna mtu anaevuja damu sana. Wangapi wanauliza hayo? Foleni ndefu, nendeni asubuhi. Tumepanga likizo ya Disemba inshallah.