Enkei RPF1 18x9.5 +38 kwenye STI: gari imetulia, ila fenda ziandae

Kwanza niseme hizi Enkei RPF1 (kipenyo inchi 18, upana inchi 9.5, ofseti +38) sio rimu za kununua kwa sababu umeona picha ukapenda. Mimi nimezifunga kwenye Subaru Impreza WRX STI ile ya hachibeki, wenyewe wanaiita GRB, ina springi za kushusha, na ndio gari ninayotembelea kila siku, kwa hiyo naongelea zinavyokaa chini ya gari sio zinavyosema kwenye katalogi.

Rimu za kiwandani za GRB ni 18x8.5 ofseti +55 na tairi 245/40 (upana milimita 245, ukuta asilimia 40 ya huo upana). Ofseti ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokaa kwenye habu, ikishuka rimu inatoka nje. Watu wengi wakipanda kwenda 9.5 wanahesabu ile inchi moja ya upana tu, ofseti wanaisahau, halafu wanashangaa tairi inakula fenda. Hesabu yake iko hivi: inchi moja ni milimita 25.4, nusu yake inaenda nje na nusu inaenda ndani, kama 12.7 kila upande. Sasa ofseti nayo imeshuka kutoka 55 mpaka 38, hizo 17 zote zinasukuma rimu nje. Ukijumlisha, ukingo wa nje unatoka karibu milimita 30 zaidi ya ulivyokuwa, na upande wa ndani, kule kwenye shokapu, unapata nafasi ya ziada kama milimita 4. Hapo ndipo naipendea +38: ndani huna presha, kalipa za Brembo (breki za kiwandani) zinapita bila spesa ya kusogeza rimu, tatizo lako lote linabaki sehemu moja unayoiona kwa macho, fenda.

Na fenda kweli zitakusumbua, tusidanganyane. Nimevaa 265/35. Nyuma, ukiingiza kidole chini ya fenda utagusa kile kiukingo cha bati kilichokunjwa kuangalia ndani, hicho ndicho kinachonyoa bega la tairi gari ikibonyea kwenye tuta ukiwa na watu nyuma. Lazima kikunjwe kilale kabisa, na fundi apashe rangi moto kwanza na hita, akikunja ya baridi rangi inapasuka na baada ya hapo ni kutu tu. Mbele nimeweka kemba hasi digrii 2 hivi, yaani gurudumu limelala ndani kwa juu, hapo tairi inaingia vizuri juu, kilichobaki ni plastiki ya ndani ya fenda, ukikata usukani mpaka mwisho wakati wa kurudi nyuma inasugua krrr, hiyo unaipasha moto unaisukuma nyuma kidogo, kazi ya mchana mmoja.

Kipenyo cha tairi kinapungua kama sentimita 1 ukilinganisha na 245/40, haifiki asilimia 2, spidomita ikisema 100 wewe uko kama 98, hakuna shida. Shida ni mtu kuweka 265/35 nyuma akabakiza 245/40 mbele kama anavyoona kwa wenye magari ya kusukuma nyuma. Hii inavuta tairi zote nne jamani, mizunguko ikitofautiana muda wote difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndio inabeba hiyo tofauti. Zote nne saizi moja, na zichakae pamoja.

Barabarani raha ipo. Zina uzito wa kilo 8 na ushee tu kwa rimu ya upana huu, kwenye matuta madogo madogo unasikia gurudumu linarudi chini haraka, na kwenye kona 265 inang'ang'ania mpaka unaanza kuiamini kuliko inavyofaa. Ila usukani umekuwa na fujo kidogo, kwenye lami yenye mifereji unavutwa vutwa, na ukikanyaga breki wakati upande mmoja wa gari uko kwenye mchanga unaisikia mkononi. Kosa sio la rimu, ni ile milimita 17, tairi imesogea nje ya mstari ambao gurudumu linazungukia ukikata kona, na beringi nazo zinabeba zaidi. Kwa +38 navumilia vizuri tu. Wale wa +22 wanatoka nje milimita 16 nyingine juu ya hizo, kwa picha sawa inapendeza, lakini mlango wako utapigwa kokoto kila siku na bila kupanua fenda haikai. Kwa gari ya kuendesha mimi siigusi.

Rimu za inchi 19 je? 245/35R19 ina kipenyo karibu sawa kabisa na ya kiwandani, hiyo ni sawa, ila ukuta wa tairi unakuwa milimita 86 badala ya 98 na kwenye shimo rimu ndio inaumia. Rimu nyingi za inchi 17 kalipa za Brembo hazipiti. 18 inatosha.

Vitu vidogo: tundu la katikati la rimu hizi ni milimita 73 na habu ya Subaru ni 56.1, nunua ringi za habu za kuziba hiyo nafasi, tena za alumini, za plastiki zinalegea breki zikichemka. Nati ni M12x1.25, hakikisha kichwa chake ni cha koni.

Ukinunua yuzd (zilizotumika) usiamini stika ya ofseti. Laza rimu kifudifudi, pitisha ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, pima kutoka kwenye ubao kushuka mpaka pale inapokaa kwenye habu. Upana wa 9.5 unapimwa ndani panapokaa tairi, kwa nje rimu ina kama inchi 10.5, kwa hiyo +38 halisi inatakiwa ikupe milimita 171 hivi. Ukipata 155 hiyo ni +22, mrudishie mwenyewe.